Nakala 120,000 za Kijitabu cha Paine: Hesabu Haikai, Nguvu Ilikuwepo

Ukisoma habari za uhuru wa Marekani, hukosi kukutana na tarakimu hii: nakala 120,000 ndani ya miezi mitatu. Ndizo zinazodaiwa kuuzwa za Common Sense, kijitabu cha Thomas Paine kilichotoka Philadelphia Januari 1776, miezi sita kabla ya Azimio la Uhuru. Aliyeitaja kwanza ni Paine mwenyewe. Mwaka 1779 alipandisha akasema hazikupungua 150,000, na walioandika maisha yake baadaye wakafika 500,000. Kwa muda mrefu tarakimu hiyo ndiyo iliyobeba hoja nzima, kwamba watu wa makoloni 13 walisoma, wakashawishika, wakadai uhuru.

Miaka ya karibuni watafiti wa historia ya uchapaji wamepiga hesabu upya, na tarakimu ikaporomoka. Shida ni kwamba wengi wameiangusha na hoja pamoja nayo. Wanasema, kama vitabu havikuwa vingi kiasi hicho, basi uhuru uliletwa na kodi na mizinga, na vijitabu vilikuja kupamba jambo lililokwisha kuamuliwa. Hesabu yao naikubali. Hitimisho lao silikubali, na nadhani limetokana na kutotazama kijitabu kilitengenezwaje na kilisafirije.

Tuingie karakana. Mashine ya kuchapa ya wakati ule ilikuwa ya mbao na iliendeshwa na watu wawili. Mmoja anapaka wino juu ya herufi kwa mipira miwili ya ngozi iliyojazwa sufu. Mwenzake anaweka karatasi, anasukuma kitanda chenye herufi hadi chini ya bamba, anavuta mkono wa mashine, anarudisha kitanda, anaitoa karatasi na kuiweka kwenye lundo. Karatasi yenyewe ni ya matambara ya kitani, nayo ililoweshwa tangu jana yake, maana ikiwa kavu haishiki sawasawa wino mzito wa masizi na mafuta ya mbegu za kitani. Ikilowa kupita kiasi, wino unatawanyika na herufi zinavimba. Watu wawili wazoefu, mambo yakienda vizuri, walitoa kama karatasi 200 kwa saa, na hizo ni za upande mmoja tu.

Toleo la kwanza la Common Sense, lililochapwa na Robert Bell, lilikuwa na kurasa 79 za maandishi. Ukiongeza kurasa za mwanzo na ule mtupu wa mwisho, zinafika 84. Karatasi kubwa moja ikikunjwa mara tatu hutoa kurasa 16, kwa hiyo nakala moja ilikula karatasi tano na robo. Nakala 1,000 zinahitaji karatasi 5,250, na kila moja ipite kwenye mashine mara mbili: mivuto 10,500. Kwa mwendo wa 200 kwa saa, hiyo ni kazi ya siku tano na zaidi ya mashine moja kwa saa kumi kila siku, kabla hujahesabu muda wa kupanga herufi, kusahihisha, kukunja na kushona uzi pembeni.

Kupanga herufi ndiko kulikombana mchapaji kuliko yote. Herufi za risasi zilikuwa ghali, nyingi ziliagizwa kutoka Uingereza, na karakana ndogo haikuwa nazo za kutosha kuacha kijitabu kizima kimepangwa kikisubiri wanunuzi zaidi. Kurasa chache zikishachapwa, herufi zilifunguliwa, zikaoshwa, zikarudishwa kwenye makasha yake, moja moja, ili zipange kurasa zinazofuata. Mwenye herufi haba alikuwa na mbinu yake: anapanga kurasa nane tu, anazichapa upande mmoja wa karatasi, anaigeuza na kuzichapa zilezile upande wa pili, kisha anaikata katikati. Anapata nakala mbili za kurasa nane kwa fremu moja ya herufi. Ni mbinu nzuri, lakini wateja wakirudi wiki ya pili na kukuta bidhaa imekwisha, kila herufi lazima ipangwe upya kuanzia mstari wa kwanza.

Sasa turudi kwenye zile 120,000. Tuwapendelee wanaozitetea kwa kuchukua toleo lililokula karatasi kidogo zaidi, lile la W. na T. Bradford la Februari 14, 1776. Ingawa maandishi yaliongezwa kwa zaidi ya theluthi, lilibanwa kwenye kurasa 50 pamoja na chache za mwanzo, sawa na karatasi tatu na nusu kwa nakala. Nakala 120,000 zinahitaji karatasi 420,000. Kwa rimu ya karatasi 480 ya wakati ule, hizo ni rimu 875. Mivuto 840,000. Saa 4,200 za mashine. Katika miezi mitatu yenye siku 78 hivi za kazi, zinatakiwa mashine karibu sita zisizogusa kitu kingine, wala gazeti, wala fomu za mahakama, wala noti za serikali za makoloni, ambazo ndizo zilizowalisha wachapaji. Kwa nakala 500,000 mashine hizo zinakuwa 22 au zaidi, na karatasi zinapita rimu 3,600.

Mashine sita zilipatikana, hilo si la kubishana. Kilichokuwa kigumu kupatikana ni karatasi. Makoloni yalikuwa yamekubaliana kusitisha bidhaa za Uingereza tangu Desemba 1774, na viwanda vya ndani vilitegemea matambara. Magazeti yalikuwa yakiziomba familia zitunze nguo zilizochakaa. Juu ya hapo kuna ushahidi wa ukubwa wa matoleo. Machi 1776 mchapaji Samuel Loudon wa New York alipoporwa kijitabu cha kumjibu Paine, alilalamikia nakala 1,500, na hilo ndilo lilikuwa toleo zima. Paine naye alipogharimia mwenyewe uchapaji kwa ajili ya Bradford, aliagiza 6,000, akazigawa nusu kwa karakana ya Styner na Cist na nusu kwa Benjamin Towne. Hiyo ilikuwa oda kubwa mno. Matoleo ya Common Sense yanayojulikana ndani ya Amerika kwa mwaka 1776 ni kama 25, na mengi yalitoka mji mmoja wa Philadelphia. Ukiyapa yote kipimo cha Loudon, unapata nakala 37,500. Ukiyapa yote kipimo cha oda kubwa, 3,000 kila moja, unafika 75,000, na huko ni kukadiria kwa mkono mpana.

Kwa hiyo wanaotilia shaka wamesema kweli. Na hawakuishia kwenye hesabu. Wana hoja nyingine, nzito kuliko ya tarakimu, na ni haki zisikike.

Ya kwanza ni mfuatano wa matukio. Agosti 1775 Mfalme George wa Tatu alikwisha kuyatangaza makoloni kuwa yameasi. Oktoba 18 meli za Uingereza ziliuchoma mji wa Falmouth, ambao leo ni Portland katika Maine. Novemba gavana Dunmore wa Virginia aliahidi uhuru kwa watumwa wa waasi watakaojiunga na jeshi lake, jambo lililowatia kiwewe wenye mashamba kuliko waraka wowote. Desemba Bunge la London likapitisha sheria ya kuzuia biashara yote ya makoloni na kuzifanya meli zao kuwa mateka halali. Januari 1, 1776, Norfolk ikaungua. Hotuba ya Mfalme ya Oktoba, iliyowatuhumu wakoloni kwamba shabaha yao ni kujitenga, ilifika Philadelphia siku zilezile kijitabu kilipotoka. Paine mwenyewe aligusia sadfa hiyo katika nyongeza ya toleo la baadaye. Mtu akiuliza ni kipi kilichobadilisha mawazo ya mfanyabiashara wa Boston mwezi wa Februari, meli yake kukamatwa au kurasa 79, jibu rahisi linaonekana.

Ya pili ni maneno ya watu wenyewe. Kati ya Aprili na Julai 1776 miji, kaunti na mabunge ya makoloni yalitoa matamko na maagizo takriban 90 ya kuunga mkono uhuru. Kwa sehemu kubwa yanataja mambo yaliyotendeka: sheria ya kuzuia biashara, askari wa kukodi wa Kijerumani, miji iliyochomwa, maombi ya Kongresi, mkutano wa wajumbe wa makoloni, ambayo Mfalme alikataa hata kuyapokea. Ukiyasoma unadhani hakuna aliyesoma kijitabu.

Ya tatu inauma zaidi kwa anayeamini nguvu ya hoja. Upande wa pili haukupewa nafasi ya kujibu. Novemba 1775 wapanda farasi wakiongozwa na Isaac Sears waliingia New York, wakaivamia karakana ya James Rivington, aliyechapa maandishi ya wafuasi wa Mfalme, wakaondoka na herufi zake. Zile nakala 1,500 za Loudon, jibu la kasisi Charles Inglis kwa Paine, zilichukuliwa usiku na kuchomwa moto. Inglis alilazimika kwenda kuchapisha kitabu chake Philadelphia chini ya jina jingine. Soko la mawazo ambalo duka la mpinzani linavunjwa si kipimo cha hoja ipi ilikuwa bora, na anayewasifu wachapaji wa uhuru bila kulitaja hili anaficha nusu ya habari.

Ya nne ni kura. Mei 1, 1776, Philadelphia ilifanya uchaguzi wa viti vinne vya nyongeza katika bunge la Pennsylvania, na suala lililokuwa mezani lilikuwa uhuru. Ni mji uliochapa Common Sense kuliko mwingine wowote, na miezi minne ilikuwa imepita. Waliotaka uhuru walipata kiti kimoja. Vitatu vilikwenda kwa wenye kusita.

Nimeziweka hoja hizi kwa uzito wake kwa sababu baadhi haziondoki. Lakini zitazame kwa karibu uone zinavyopima. Zote zinachukulia kijitabu kama bidhaa inayomfikia mtu mmoja, ikambadilisha au isimbadilishe, na mauzo yakahesabiwa. Kijitabu cha karne ya 18 hakikufanya kazi hivyo.

Shika kwanza suala la usafiri. Nakala 1,000 ni mzigo wa gari la farasi, na barabara za Januari zilikuwa tope na barafu. Nakala moja inaingia mfukoni mwa mjumbe wa posta. Hakukuwa na hakimiliki ya kumzuia mchapaji wa Boston au Charleston kuchapa alichochapa mwenzake wa Philadelphia, na Paine aliruhusu yeyote achape. Kilichosafiri basi ni ile nakala moja. Ikifika mahali, mchapaji wa pale anapanga herufi zake mwenyewe, kwa karatasi yake, kwa idadi anayoweza kuuza. Ule ugumu wa kupanga upya kila mara, uliomtesa mchapaji mmoja asiweze kutoa nakala laki, haukumzuia mchapaji wa mji mwingine. Ndiyo maana tunaona matoleo madogo mengi na hatuoni toleo moja kubwa. Posta nayo ilikuwa imebadilika mikono: Julai 1775 Kongresi ilianzisha posta yake chini ya Benjamin Franklin, kwa hiyo furushi la kisiasa halikupita tena mbele ya macho ya maofisa wa Mfalme.

Magazeti yaliongeza njia nyingine. Yalikuwa chini ya 40 katika makoloni yote, mengi yenye wanunuzi mia chache, na wahariri walikuwa na mazoea ya kunakiliana bila aibu. Miaka ya 1767 na 1768 barua 12 za John Dickinson za kupinga kodi mpya zilionekana katika magazeti 19 kati ya 23 ya Kiingereza yaliyokuwepo. Common Sense ilikuta njia imekwisha kutengenezwa. Vipande vyake vilitoka magazetini, wengine wakasoma sehemu nzito bila kununua kijitabu chenyewe. Halafu kulikuwa na kusomewa. Mtu mmoja anasoma kwa sauti kilabuni, kambini au mbele ya duka, waliobaki wanasikiliza na kubishana, kama gazeti linavyosomwa barazani na kila mtu akaondoka na habari. Takwimu za mauzo haziwezi kumwona msikilizaji hata mmoja.

Tazama tena ule uchaguzi wa Mei 1 ukiwa na jambo hili akilini. Mjini Philadelphia mpiga kura alipaswa kuwa na mali ya pauni 50. Mafundi wadogo, askari wa wanamgambo na Wajerumani wengi ambao hawakuwa raia kamili hawakupiga kura. Ndio hao hao kijitabu kilichowalenga kwa lugha na kwa bei. Bell aliuza kwa shilingi mbili. Bradford, kwa kubana kurasa, akauza kwa moja. Styner na Cist walitoa tafsiri ya Kijerumani mwaka huohuo. Mei 20, siku 19 baada ya kura, watu wapatao 4,000 walisimama kwenye mvua katika uwanja wa jengo la bunge mjini humo wakataka serikali mpya, na ilipofika Juni bunge la Pennsylvania likawaondolea wajumbe wake agizo la kupinga uhuru. Kura ilipima wenye mali. Kijitabu kilikuwa kimefika kwa wengine.

Sasa yaliyomo. Kwa msomaji wa leo ni rahisi kusahau kwamba vijitabu vya kabla ya Paine, na vilikuwa vingi (kati ya 1750 na 1776 vilichapwa zaidi ya 400), karibu vyote vilipigania kubaki. James Otis mwaka 1764, Daniel Dulany mwaka 1765, Dickinson, hata Thomas Jefferson mwaka 1774: hawa waligombana na Bunge. Je, lina haki ya kutoza kodi watu wasio na mjumbe ndani yake? Mpaka wake ni upi? Waliandika kama mawakili kwa mawakili, wakinukuu sheria za kale na Kilatini, na karibu kila mmoja alimalizia kwa utii kwa Mfalme. Miaka 12 ya hoja nzuri iliwafundisha watu kwamba wameonewa, lakini iliwaacha na rufaa moja tu, nayo ni kwa Mfalme yuleyule. Falmouth inaweza kuungua mara kumi na mtu wa msimamo huo akaandika ombi la kumi na moja.

Hapa ndipo naona wanaotilia shaka wanakosea hasa. Tukio halijielezi. Mji umechomwa: je, ni kosa la jemadari, la mawaziri wabaya, au la ufalme wenyewe? Hadi Desemba 1775 jibu la kawaida lilikuwa mawaziri wabaya. Paine aligeuza swali. Hakuanza na kodi. Alianza na ufalme wa kurithi na kuuliza umetoka wapi, akamtaja William wa Normandy aliyeiteka Uingereza mwaka 1066 kuwa haramu wa Kifaransa aliyetua na kundi la majambazi. Kisha akafungua Biblia, kitabu ambacho mkulima alikijua kuliko sheria yoyote. Alichukua Gideoni katika Waamuzi 8, aliyekataa kutawala, na 1 Samweli 8, pale Waisraeli wanapodai mfalme na Samweli kuwaonya kwamba atachukua wana wao, mashamba yao na sehemu ya kumi ya mazao yao. Akamwita George Farao. Akasema ni upuuzi bara zima kutawaliwa daima na kisiwa. Hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji shule ya sheria, na kila moja inaweza kurudiwa kwa kichwa na mtu aliyeisikia mara moja.

Linganisha na jibu la James Chalmers, lililotoka Machi kwa jina Plain Truth. Lilisifu katiba ya Uingereza kwa kumtegemea mwanafalsafa wa Kifaransa Montesquieu na kuonya juu ya vurugu za utawala wa watu. Hoja zake nyingine zilikuwa na busara, hasa kuhusu nguvu za jeshi la majini la Uingereza. Lakini lisome kwa sauti mbele ya wapagazi wa bandarini. Aliyelichapa ni Robert Bell, yuleyule wa Common Sense, kwa hiyo katika mji huo angalau mtu hawezi kusingizia mchapaji.

Na Bell anastahili neno zaidi, kwa sababu ugomvi wake na Paine ulifanya kazi ambayo tangazo la kulipia lisingeifanya. Paine alikusudia sehemu yake ya faida inunue glavu za askari waliokwenda Quebec. Bell akasema hakuna faida. Paine akapeleka maandishi yaliyoongezwa kwa Bradford. Bell akatoa toleo lake la pili bila ruhusa, na wakaanza kutukanana katika kurasa za matangazo za magazeti wiki hadi wiki. Kila tusi lilitaja jina la kijitabu na mahali kinapouzwa.

Ushahidi wa kazi yake umo katika barua za watu waliokuwa na madaraka ya kuamua. Januari 31 George Washington aliandika kwamba hoja chache zaidi za moto kama za Falmouth na Norfolk, zikiongezwa juu ya mafundisho ya kijitabu kile, zitawaondolea wengi wasiwasi juu ya kujitenga. Aliviweka viwili pamoja, moto na maandishi, na sijaona mchambuzi wa leo aliyeisema vizuri zaidi. Aprili 1 aliandika tena kwamba barua za watu wa Virginia zinamwambia kijitabu kinageuza sana fikra huko. Edmund Randolph, aliyekuwa Virginia wakati ule, baadaye aliweka chanzo cha uhuru kwa George wa Tatu kwanza, na Paine wa pili.

Kuna doa ambalo msomaji wa Afrika hataliruka, wala halistahili kurukwa. Katika watu milioni 2.5 wa makoloni, mmoja kati ya watano hivi alikuwa mtumwa. Vijitabu vilitumia neno utumwa kwa kodi ya stempu na chai. Paine alichukia biashara ya watumwa, lakini katika Common Sense watu weusi wanatokea kama silaha ya adui: anaishutumu Uingereza kwa kuwachochea wao na Wahindi Wekundu dhidi ya wakoloni. Wakati huohuo watumwa wenyewe walikuwa wamekwisha kutambua chombo hiki. Aprili 1773 wanne wao mjini Boston, Peter Bestes na wenzake, walitoa barua ya kuchapwa kwa wajumbe wa bunge la Massachusetts, wakasema wanatazamia mambo makubwa kutoka kwa watu waliosimama imara hivyo dhidi ya kufanywa watumwa. Walizishika hoja za vijitabu wakazielekeza kwa waandishi wake. Anayesema vijitabu havikuwa na nguvu ajiulize kwa nini watu hao walichagua mashine ya kuchapa.

Mfano ninaouona mzito kuliko yote uko North Carolina, koloni lililokuwa mbali na karakana zenye kasi. Februari 13, 1776, Joseph Hewes, mjumbe wake katika Kongresi, alimpelekea Samuel Johnston nakala ya kijitabu. Akaeleza kwamba hawakupakia nyingine kwenye gari la mizigo kwa kuwa hawakujua watu wa nyumbani watalipokeaje suala la uhuru. Miezi miwili baadaye, Aprili 12, mkutano wa North Carolina uliokaa Halifax ukawa wa kwanza kuwaruhusu wajumbe wa koloni kuukubali uhuru. Mwenyekiti wake alikuwa Samuel Johnston.

Mwenye shaka atasema, na ana haki, kwamba katikati ya hapo kulikuwa na vita vya Moore's Creek Bridge Februari 27, ambako wafuasi wa Mfalme walipigwa, na kwamba vita hivyo ndivyo vilivyowapa watu wa Halifax ujasiri. Nakubali vilichangia, pengine kwa sehemu kubwa. Lakini angalia walichokuwa wakiuliza. Kabla ya kurudi nyumbani kwa mkutano huo, wajumbe wawili wa North Carolina, William Hooper na John Penn, walimwomba John Adams awaandikie serikali mpya ijengwe namna gani. Adams aliona Paine ana mkono wa kubomoa kuliko wa kujenga, na hakupenda pendekezo lake la bunge lenye baraza moja. Majibu aliyowapa yakapanuliwa na kuchapwa Aprili na John Dunlap kuwa kijitabu kingine, Thoughts on Government. Ndani yake Adams anabishana juu ya mabaraza mawili au moja, namna ya kumchagua gavana, na majaji wakae madarakani muda gani. Kama makoloni yajitenge au yasijitenge, hilo halimsumbui tena.